Betri ya 48V kwenye pikapu ya haibridi: pima hivi kabla hujanunua nyingine

Mteja mmoja aliniletea pikapu hapa Industrial Area, Nairobi, akiwa ameshaanza kuuliza mkopo kwenye chama. Gereji nyingine ilikuwa imemwambia betri ya haibridi imekufa. Nilifungua boneti, nikagusa mkanda, ukacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Tatizo lilikuwa mkanda; betri ilikuwa nzima.

Haibridi hizi nyepesi (mild hybrid) si ndugu wa Toyota Aqua. Aqua inaweza kusogea kwa umeme peke yake, hizi haziwezi; umeme wake unaisaidia injini tu. Toyota Hilux ya 48V, iliyoanza kuuzwa Afrika Kusini na Australia 2024, ina dizeli ileile ya lita 2.8 na betri ya lithiamu ya kilo 7.6 chini ya kiti cha nyuma. Inahifadhi umeme wa kama Wh 206 (wati-saa). Ile ya Ram 1500 eTorque ni Wh 430, na ya Aqua inapita Wh 900. Fundi akikutajia bei kwa kukisia kutoka Aqua, mwache aendelee kukisia.

Tena, hazina alternata. Mota-jenereta inayofungwa kwa mkanda ndiyo inayochaji 48V, kisha konvata inashusha umeme hadi volti 12 kwa ajili ya taa na kompyuta. Upande wa 48V ukigoma, gari linaweza kuwaka vizuri asubuhi, halafu likuzimikie Mombasa Road betri ndogo ya volti 12 ikiisha.

Hatua ya 1: betri ndogo. Acha gari lilale usiku mzima, kisha weka maltimita (kipima-umeme) usome volti. 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni kama nusu. Washa injini. Ukiona kati ya 13.5 na 14.5, konvata inafanya kazi. Ukiona 12.3 na inazidi kushuka, 48V haileti umeme, lakini bado hujui ni kwa nini. Betri ndogo iliyochoka ikibadilishwa kwanza, taa nyingi za dashibodi huzima zenyewe.

Hatua ya 2: mkanda na kikaza mkanda. Mkanda huu hufanya kazi ngumu kuliko ule wa zamani, maana unavutwa pande zote mbili: injini inazungusha mota, na mota nayo inaisukuma injini. Angalia nyufa, mng'ao wa kuteleza na mafuta yaliyovuja.

Hatua ya 3: chini ya kiti. Hapa ndipo Nairobi inapoua betri. Baridi ya mji huu inaipendeza lithiamu, na foleni ya Jogoo Road haiitishi sana kwa sababu kompyuta haiachi ijae kabisa wala iishe kabisa. Adui ni vumbi linaloziba njia ya hewa, gari kulala miezi bila kuwashwa, na maji. Vijana wa kuosha magari humwaga maji kwa mpira ndani ya gari kana kwamba wanaosha karo. Na kama gari lilikuwa hapa wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, inua zulia unuse. Kutu ya kijani kwenye plagi inatosha kuleta kosa.

Hatua ya 4: skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Usisome misimbo ya makosa tu. Hata P0A80, ambayo maana yake ni "badilisha betri", si hukumu ya mwisho. Soma volti za seli moja moja gari likiwa limetulia, kisha mwambie mwenzako akanyage mafuta. Seli moja ikizama wakati wenzake wametulia, hapo betri kweli imechoka. Zikishuka zote pamoja, rudi kwenye mkanda, nyaya na konvata.

Hatua ya 5: hesabu. Bei ya betri ni mwanzo tu. Sheria za usafirishaji zinaihesabu kama mzigo hatari, kwa namba UN 3480, na tangu Aprili 2016 betri za namna hiyo zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Zinabaki ndege za mizigo au meli hadi Mombasa. Ongeza ushuru, ada za forodha, VAT ya 16%, na kazi ya kuisajili kwenye kompyuta ya gari. Muulize muuzaji jumla ikiwa imefika mkononi. Kabla ya yote uliza dhamana: ya haibridi mara nyingi ni ndefu kuliko ya gari lenyewe.

Betri iliyotumika? Dai tarehe ya kutengenezwa na picha ya lebo. Lithiamu huzeeka hata ikikaa rafuni. Na ule ujanja wa Aqua wa kubadilisha moduli (fungu la seli) moja moja, mimi siufanyi hapa. Seli mpya kati ya za zamani hazitalingana, nawe utarudi gerejini.

Hatua ya 6: kufunga. Vua pete na saa. 48V iko chini ya mpaka wa usalama wa volti 60, haikuui kirahisi, lakini spana ikigusa pande zote mbili itayeyuka mkononi mwako. Tenganisha betri ndogo kwanza, subiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, ndipo uguse plagi ya 48V. Ukimaliza, washa taa zote na kiyoyozi, acha injini iendelee kuwaka bila kukanyaga mafuta dakika kumi, upime tena betri ndogo. Isiposhika 13.5, usimkabidhi mteja funguo.