Jinsi ya Kuchora kwa Blender Safari ya Boti katika Mfereji wa Erie, Mwaka 1832

Mwongozo huu unamfaa mtu ambaye tayari anaijua Blender, programu ya kompyuta ya kuunda picha za pande tatu, kiasi cha kuunda umbo, kulipaka rangi na kuliangazia, lakini hajawahi kuchora mahali pa kihistoria ambapo vipimo vyake vinajulikana na kosa lolote linaweza kubainishwa. Tutachora tukio moja tu: boti ya abiria ikivutwa na farasi watatu kuelekea magharibi, jioni moja ya Septemba 1832, katika Mfereji wa Erie, jimbo la New York, kati ya Utica na Syracuse. Nimekichagua kipande hicho kwa sababu kilikuwa sehemu ya mwendo wa zaidi ya kilometa 100 usiokuwa na loki hata moja. Loki ni kile chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma, ambamo maji hujazwa au hupunguzwa ili boti ipande au ishuke. Mfereji mzima ulikuwa nazo 83, na kuichora moja tu kwa uaminifu ni kazi ya wiki nzima.

Hatua ya 1: Amua mwaka kabla ya kuifungua programu

Ujenzi ulianza Julai 1817 na mfereji wote, wenye urefu wa kilometa 584 kutoka Albany hadi Buffalo, ukafunguliwa Oktoba 1825. Mwaka 1836 ilianza kazi ya kuupanua, nayo ikaendelea hadi 1862. Upana wa juu ya maji ulitoka mita 12.2 hadi mita 21.3, na kina kikatoka mita 1.2 hadi mita 2.1. Sasa kumbuka kwamba ufundi wa kupiga picha ulitangazwa kwa umma mwaka 1839. Maana yake ni kwamba takribani kila picha ya kamera utakayoipata mtandaoni ukitafuta mfereji huu wa zamani inaonyesha mfereji uliopanuliwa, au uliokuwa katikati ya kupanuliwa.

Mimi mwenyewe nilinaswa na mtego huo. Nilitumia siku kumi kujenga mandhari kwa kufuata picha nzuri za mwishoni mwa karne ya 19, na nilipoingiza boti yenye vipimo sahihi ikaonekana kama kisoda kilichotupwa mtoni. Nililazimika kuifuta ardhi yote na kuanza upya. Tahadhari hiyo hiyo inahusu mabaki yaliyohifadhiwa leo kati ya DeWitt na Rome kama hifadhi ya kihistoria: yanavutia, na umbo la bonde ni lile lile, lakini upana wake ni wa baada ya upanuzi.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi na uupange kwa uzito

Kwa miaka tunayoichora, tegemea kalamu na brashi. John William Hill alichora mfereji huu kwa rangi za maji karibu na mwaka 1830, na baadhi ya kazi zake zimo katika maktaba ya umma ya New York. Basil Hall, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyezunguka Marekani mwaka 1827 na 1828, alichora kwa kutumia camera lucida, kifaa chenye kipande cha kioo kinachomwezesha mchoraji kuiona taswira ya mandhari juu ya karatasi na kuifuatisha kwa penseli. Kwa uwiano wa vitu, namwamini Hall kuliko mchoraji yeyote aliyekuwa akiuza uzuri.

Maandishi ya wasafiri yana kazi nyingine, nayo ni kutaja yale ambayo wachoraji waliyaacha kwa makusudi. Nathaniel Hawthorne, mwandishi wa Marekani, katika makala iliyochapishwa mwaka 1835, alikieleza kipande hiki kama kinamasi ambacho miti yake ilikuwa inakufa kwa sababu mfereji ulikuwa umenyonya maji yake. Hayo ndiyo yatakayoibeba picha yetu.

Hatua ya 3: Chimba mfereji kwa vipimo vyake

Weka vipimo vya Blender katika mita, kisha chora mkato wa mfereji kama bakuli lenye kitako bapa: mita 12.2 juu, mita 8.5 chini, kina mita 1.2. Mteremko wa kingo utajileta wenyewe, takribani mita moja na nusu kwenda pembeni kwa kila mita moja kwenda chini. Uburute mkato huo kwenye mstari uliopinda kidogo sana.

Upande mmoja tu weka njia ya farasi, yenye upana wa karibu mita tatu. Watu wengi huweka njia pande zote mbili kwa kutafuta ulinganifu, na hilo ni kosa. Ukingo wa pili uache na magugu, mizizi iliyomomonyoka na udongo uliobaki wazi, kwani mfereji ulikuwa bado mpya kiasi na jeraha la uchimbaji lilikuwa halijafunikwa.

Maji haya si ya bahari, kwa hiyo kifaa cha kutengeneza mawimbi ya bahari usikiguse. Tumia uso bapa wenye kipeo cha mnyumbuko wa mwanga (IOR) 1.33, ukwaruzo (Roughness) mdogo, na viwimbi hafifu vya nodi ya kelele (Noise Texture). Chini yake weka ukungu wa rangi ya tope, kwa kuwa kitako kilikuwa cha udongo na kilitibuliwa na kila boti iliyopita.

Hatua ya 4: Jenga boti

Loki za wakati huo zilikuwa na urefu wa mita 27.4 na upana wa mita 4.6, na boti yoyote ilipaswa kuingia humo. Kwa hiyo boti yenye urefu wa mita 23 na upana wa mita 4.2 iko mahali pake. Sisi tuliozoea jahazi na mashua mkono unatuwasha kusimamisha mlingoti, usiusimamishe. Chombo hiki hakina tanga wala mkuku mrefu, na tumbo lake ni bapa. Omo, yaani mbele, imeviringika kidogo, usukani uko tezi, yaani nyuma, na katikati yote ni nyumba ndefu yenye safu ya madirisha madogo na vibao vya kuyafunga. Juu ya paa lake ndiko abiria walikokaa mchana, wakiinama kila walipopita chini ya daraja la shamba, maana madaraja hayo yalikuwa ya chini mno. Usiku, ndani, wanaume na wanawake walitenganishwa kwa pazia na kulala kwenye vitanda vyembamba vilivyotundikwa ukutani.

Hatua ya 5: Wanyama na kamba

Boti za abiria zilivutwa na farasi watatu waliofuatana mmoja nyuma ya mwingine, huku kijana akimpanda wa mwisho. Boti za mizigo zilitumia pia nyumbu, na hapa nitoe onyo dogo: ukitafuta modeli kwa neno la Kiswahili utaletewa nyumbu wa Serengeti, ilhali tunayemtaka ni yule mtoto wa punda na farasi.

Kamba ndiyo huwaumbua wengi. Iwe ndefu, makumi ya mita, ifungwe mbele ya boti kwenye ubavu unaotazamana na njia, na ining'inie kidogo katikati. Ikinyooka kama rula, picha yote itaonekana ya kubandika. Ukitaka picha itembee, mwendo wa juu ulioruhusiwa ulikuwa karibu kilometa 6.4 kwa saa, ambao kwa fremu 24 kwa sekunde ni takribani sentimita 7.4 kwa kila fremu. Utauona ni wa kobe, nao ndio ulivyokuwa.

Hatua ya 6: Msitu unaokufa

Tawanya mashina yaliyosimama bila majani, mengine yameinama, mengine yameangukia maji, kisha nyuma yake weka msitu hai ulio mzito. Maktaba za modeli zimejaa miti mizuri ya bustani. Ikate matawi, ivunje vilele, na ivue magome upande mmoja. Karibu na njia ongeza visiki vilivyokatwa kwa shoka, vyenye vichwa vya mkato wa mshazari, kwa sababu msumeno huacha uso bapa.

Hatua ya 7: Mwanga na kamera

Kipande hiki kiko karibu na nyuzi 43 kaskazini. Mwishoni mwa Septemba jua huzama karibu magharibi kamili, nayo boti yetu inaelekea huko, kwa hiyo liweke mbele ya omo, nyuzi mbili au tatu juu ya upeo. Taa ya omo ni ya mafuta au mshumaa: ipe joto la rangi la kelvini 1900, si 2700 ya balbu. Kamera iweke mita 1.6 juu ya njia, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Droni iache ipumzike. Usiipake picha rangi ya kahawia ili ionekane ya kale, kwani kilichozeeka ni karatasi. Jioni ile ilikuwa na rangi zake zote.

Hatua ya 8: Wasake wageni wa nyakati

Kabla ya kuitoa picha, zunguka mandhari yote ukitafuta vitu vilivyokuja baadaye. Nguzo za telegrafu ni za baada ya 1844, reli ya Utica hadi Syracuse ilifunguliwa 1839, na uzio wa waya wa miiba ulienea baada ya 1874. Uzio unaofaa hapa ni wa magogo yaliyopasuliwa na kulazwa kwa zigizaga. Mwisho, fungua sehemu ya sifa za ziada (Custom Properties) ya kila kitu ndani ya Blender na uandike kipimo chake kimetoka wapi: mchoro, maandishi, au kukisia kwako. Vile ulivyovikisia vipe jina linaloanzia na herufi K, ili siku ukipata ushahidi bora uvipate vyote kwa kutafuta mara moja.