Jinsi ya kusoma takwimu za dini bila kupotoshwa

Kabla ya asilimia, tafuta swali lililoulizwa. Sensa ya England na Wales huuliza "Dini yako ni ipi?", kana kwamba kila mtu anayo. Mwaka 2021 wasio na dini walikuwa asilimia 37.2. Utafiti wa British Social Attitudes, unaopima mitazamo ya watu wa Uingereza, huuliza kwanza kama mtu anajiona ni wa dini yoyote, na hapo wasio na dini wamewahi kupita nusu.

Kisha usimhesabu kila asiye na dini kuwa mkana Mungu. Kosa hili limezagaa mno. Marekani mwaka 2023, kituo cha utafiti cha Pew kilikuta asilimia 28 hawana dini. Kati yao 17 tu kwa mia walijiita wakana Mungu.

Angalia pia nani alijibu. Katika sensa ya Kenya ya 2019, wasio na dini walikuwa asilimia 1.6, lakini mkuu wa kaya akijibu kwa niaba ya wote, kijana aliyeacha kanisa kimyakimya huandikwa Mkristo.

Tanzania sensa haijauliza dini tangu 1967. Ukiletewa asilimia, ulizia sampuli, yaani watu waliohojiwa: watu 1,000 huacha pengo la makosa la takriban pointi 3 za asilimia juu au chini.