Anza na droo, malengo yatakuja yenyewe

Mie nilikuwa na ada yangu. Ikifika usiku wa mwisho wa Disemba nakaa ukumbini na daftari jipya na kalamu, naandika malengo ya mwaka kwa mwandiko mzuri kabisa, kisha daftari nalitia pahala pa salama, na hapo pahala pa salama ndo mwisho wake. Mwaka juzi nililikuta mwezi wa kumi na mbili ndani ya droo ya kabati la vyombo, limegandana na pakti ya tende za Ramadhani, nikawa nalibandua taratibu kama mtu anaebandua mkate wa kumimina ulioshika chini. Malengo kumi na nne. Kupungua kilo kumi, kufuga kuku, kujifunza Kitaliano (kitabu nilinunua, nimesoma mpaka ukurasa wa tisa), sijui nini na nini. Yaliyotimia mawili tu, na moja ni kupaka rangi choo, ambalo alilifanya mwenye nyumba kwa pesa zake.

Nikakaa pale chini na ile droo mapajani, mana nilikuwa nishaitoa, nikaona bora niipange. Na humo ndani ndo nilipojua nilikuwa naenda kinyumenyume. Mtu anaandika malengo kwanza khalafu akipata nafasi atapanga nyumba. Geuza. Panga nyumba kwanza, usiandike kitu, nyumba yenyewe itakwambia unataka nini.

Wakati wake ni huu huu wa kaskazi. Jua kali, upepo mkavu, kitu unakianika asubuhi mchana kishakauka, ukingoja masika imekula kwako, nguo zitavunda na godoro halitakauka wiki nzima. Ndio, Januari ina mambo mengi, shule zinafungua, sare, madaftari, na tarehe 12 ya Mapinduzi utapata wageni kutoka shamba utake usitake. Lakini hatuchukui siku nzima. Chukua kuanzia ukishasali alasiri mpaka adhana ya magharibi, basi. Ukisikia adhana unaacha hapohapo ulipofika. Mie hii ndo imenisaidia kuliko kitu chochote, mana zamani nilikuwa naanza chumba kizima saa mbili asubuhi, ikifika usiku vitu vyote viko juu ya kitanda, watoto wana usingizi, baba watoto kasimama mlangoni anauliza kwani tunahama?

Kwaiyo usianze na chumba. Anza na droo moja. Kesho yake droo nyengine. Kesho kutwa rafu moja ya kabati. Kimimine kitu chote chini juu ya mkeka, kiwe kitupu kabisa, ufute vumbi na mavi ya mende, ndo uanze kurudisha. Na unaporudisha gawa mafungu: cha kubaki, cha kumpa mtu, cha kutengeneza, na cha jaani. Cha kumpa mtu kitoke siku hiyohiyo, mwite mtoto umtume, mana kile kiroba ukikiweka nyuma ya mlango utakikuta mwakani na watoto washafukua nusu. Waya za chaji zisizojulikana za simu gani, zijaribu moja moja jioni hiyo, isiyoshika haina msamaha.

Tahadhari moja. Vitu vya mume usitupe mwenyewe hayupo. Mie nilitupa chuma kimoja kimeota kutu, kimenuka mafuta, kimefungwa na gazeti, kumbe ni kabureta ya Vespa yake, na ilikuwa nzima. Hilo sitaki kulieleza zaidi. Sa hivi ana pakacha lake, kila ninachokiokota kinachonuka petroli kinaingia mle, na yeye na pakacha lake wanajuana.

Sasa lile fungu la kutengeneza. Hilo ndo lenye maneno, usilipite haraka.

Nilipofika kabati la nguo nikatoa doti za kanga saba ambazo hazijakatwa wala kupindwa. Saba! Nyengine za harusi, nyengine zawadi ya kujifungua mtoto wangu wa mwisho ambae sasa anakwenda chuo cha Kurani. Moja kaniletea wifi yangu kama miaka miwili nyuma, nikaipokea kwa furaha nikaitia kabatini na karatasi yake. Siku hiyo ndo naikunjua kwa mara ya kwanza, nasoma maandishi: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Yakhe! Nikasimama pale nikajiuliza nimefanya nini. Miaka miwili mtu kanitumia barua na mie sijaifungua, na kila Idi tunakumbatiana. Nikaipeleka kupindwa kesho yake, Ijumaa nikajitanda nikaenda kumtazama. Akaiona. Tukanywa chai. Hakuna aliesema kitu mpaka leo.

Lakini si hapo ninapotaka ufike. Mwisho wa wiki fungu la kutengeneza lilikuwa hivi: doti sita za kupinda, mashuka mawili yaliyochanika kati, sare ya skuli yenye zipu mbovu, foronya, buibui limefumuka mkono. Yote ya kushona. Na kila kimoja kipo pale kwa sababu fundi yuko mbali, au fundi anakwambia njoo kesho, na kesho yake unakuta kafunga. Nyumba nzima ilikuwa inanipigia kelele cherehani, cherehani, na mie niko na daftari naandika Kitaliano. Basi hilo ndo likawa lengo langu la kwanza na sikuliumizia kichwa. Shoga yangu wa jirani fungu lake lilikuwa mabomba, ndoo zilizopasuka na madumu yanayovuja, lengo lake akalipata hapohapo: tangi la maji na mpira wake. Tazama lako lina nini.

Jikoni sitakaa sana. Sufuria isiyo na mfuniko na mfuniko usio na sufuria vioanishe, kinachobaki kipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mbuzi ya kukunia nazi iwe na pahala pake pa kudumu, mguu wangu unajua kwa nini nasema hivi.

Karatasi, hapa ndo uchukue muda. Vyeti vya kuzaliwa, hati ya ndoa, vyeti vya skuli, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi cha kila mtu mzima, kadi za kliniki za watoto, mkataba wa nyumba kama umekodi. Vyote viwe katika faili moja la plastiki lenye kifungo, na lisiegemee ukuta. Nyumba zetu nyingi kuta zinavuta maji, masika ikiingia karatasi iliyogusa ukuta inaota ukungu, na ikiwa chini kuna mchwa. Cheti cha mwanangu wa pili kililiwa pembeni palepale penye namba, nimezunguka nacho ofisi moja mpaka kandambili zimekatika, naambiwa lete hiki, nikileta naambiwa aliekuagiza leo hayupo. Ukishavipanga vipige picha kwa simu, kila kimoja peke yake, mwangaza mzuri, umtumie mtu mmoja wa nyumbani unaemwamini ambae hakai na wewe. Mie namtumia dada yangu alieko Wete, Pemba. Namba ya mita ya umeme ya Tukuza iandike kwa kalamu nzito ndani ya mlango wa kabati, umeme ukiisha saa nne usiku hutatafuta risiti na tochi. Nguo za kuweka weka na karafuu chache ndani ya kitambaa, mende na nondo hawapatani nazo, na zinanukia.

Haya, sasa ndo uchukue karatasi uandike malengo. Matatu. Najua utataka kumi, andika matatu, moja la nyumba, moja la pesa, moja lako mwenyewe ambalo hudaiwi na mtu.

Na usiyapange kwa mwaka wala kwa mwezi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi Pemba, hakuwa na kalenda ya ukutani lakini alikuwa anajua mwaka ulipo, mana wazee walikuwa wanahesabu kwa miongo. Mwongo ni siku kumi (mwongo huu, si yule muongo wa uongo). Unaanza kuhesabu siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ile ambayo Makunduchi bado wanaisherehekea mwezi wa Julai, Mwaka Kogwa, wanapigana kwa migomba na kibanda cha makuti kinatiwa moto. Miongo 36 ni siku 360, zinabaki tano, jumla 365. Wakulima na mabaharia ndo walikuwa wanajua kwa hesabu hii lini watie mbegu na lini upepo unageuka. Wala si kitu kigeni kwetu, si Ramadhani yenyewe tunaigawa kumi la mwanzo, kumi la kati na kumi la mwisho?

Mie nimechukua hesabu ileile nikaianzia tarehe 1 Januari. Mwongo wa kwanza unaisha tarehe 10, wa pili 20, wa tatu 30, wa nne 9 Februari, wa tano 19 Februari, wa sita 1 Machi, na unaendelea hivo mpaka wa thelathini na sita unaoisha tarehe 26 Disemba (mwaka wenye Februari ya siku 29 itasogea siku moja). Chukua kalenda, ile yenye tarehe za Kiislamu ni bora zaidi, zungushia duara kila mwisho wa mwongo, ibandike jikoni na si chumbani, mana jikoni utaiona kila ukichemsha maji.

Uzuri wa siku kumi ni kwamba ni fupi, huwezi kuisahau, na ikiharibika hasara yake ndogo. Mtu akishindwa tarehe 6 ya mwezi anasema basi ntaanza mwezi ujao, kaacha siku ishirini na kitu zinapotea hivihivi. Huku unangoja siku nne tu unaanza mwongo mpya. Na deni usilihamishe, mwongo uliokufa umekufa, ukianza kubeba la nyuma utakuwa na miongo mitatu kichwani kwa pamoja.

Cherehani niliambiwa laki tatu na sitini elfu. Kwa mwaka inatisha. Gawa kwa miongo 36 ni elfu kumi kila mwongo, elfu moja kwa siku, na elfu moja naijua inakwendaga wapi, inakwenda kwenye urojo. Mwisho wa kila mwongo natia elfu kumi kwenye bahasha naandika tarehe juu. Wengine watakwambia ingia mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, na mchezo ni mzuri ukiwa na kijumbe anaeaminika na ukaomba zamu ya mwisho mwisho, lakini ukipewa ya kwanza utakula pesa khalafu miezi yote ulipe kitu usichokiona. Mie najijua, nimechagua bahasha. Mwongo mmoja mtoto aliumwa sikutia kitu, mwengine nilitia elfu ishirini baada ya kuuza maandazi kwenye shughuli, ndo maisha.

Lakini tazama mwaka wetu unavyokwenda kabla hujaandika kitu kizito. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, kwaiyo hesabu mwenyewe itaangukia miongo ipi na miongo hiyo mitatu ipe kazi nyepesi, mtu anaefunga na kupika futari hawezi kupanga stoo. Ila mwongo mmoja kabla yake ndo wa kupanga jiko, ikupungukie kazi ya kutafuta vitu. Masika usifue mazulia wala mapazia mazito. Kupaka rangi ngoja kipupwe. Na kama watu wako wako Pemba na msimu wa kuchuma karafuu umefunguka, usimtegemee mtu yeyote kwa chochote.

Kila mwongo mie naandika mambo mawili tu kwenye kalenda, moja la nyumba na moja la lengo. Mfano wa mwongo wa tatu uliandikwa: "rafu ya vitabu, 10,000". Basi. Nisipofanya naweka nukta, nikifanya naweka mkato. Watoto wamezoea, yule mdogo ndo anaenipigia kelele, mama leo kumi! Nae ana kapu lake la vitu vya kuchezea, kikizidi kapu anachagua mwenyewe kipi kinampata mtoto wa jirani, na mara nyengine analia, namwacha alie.

Cherehani imeingia ndani mwongo wa thelathini na tatu, mkono wa pili, inafanya kelele kama mashine ya kusaga lakini inashona. Doti sita zilizobaki nimezipinda mwenyewe, mapindo hayajanyooka, kwa karibu usitazame.

Zile siku tano za mwisho wa mwaka, 27 mpaka 31 Disemba, usiziandikie kitu. Ni zako. Mwaka uliokwisha nilikuwa nimejiahidi humo ntapanda darini, mana kuna maboksi tangu tumehamia hapa na usiku nasikia kitu kinatembea. Sikupanda. Mwongo huu wa kwanza pia sipandi.