SOMO: Jinsi ya kuandika episodi ya sitkomu ya wapenzi wa siri ndani ya kundi la marafiki

Habari zenu wadau. Hii aina ya episodi naipenda kuliko zote, wawili ndani ya kundi wameanza kupendana na hawataki wenzao wajue, na kila anayejifunza kuandika sitkomu (vichekesho vya TV vyenye wahusika walewale kila episodi) lazima ataijaribu siku moja. Wengi wanakwama palepale, wanadhani utamu uko kwenye siri yenyewe. Hapana. Utamu uko kwenye nani anajua, na nani anajua kwamba fulani anajua. Shikeni hilo alafu twende.

HATUA YA 1: Mtazamaji ajue kabla ya wote

Skripti yangu ya kwanza nilificha mapenzi mpaka ukurasa wa mwisho nikiamini watu wataruka kwenye viti. Tulikaa wanne tukaisoma kwa sauti, kimya, hakuna aliyecheka, mwishoni mmoja akasema "aah, kumbe" basi. Iliniuma sana maana nilikuwa nimeihangaikia wiki kadhaa.

Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za roho juu, alimweleza mwenzake Truffaut hivi: watu wawili wanapiga stori mezani na chini ya meza kuna bomu, likilipuka ghafla umempa mtazamaji mshtuko wa sekunde 15, ila ukimwonyesha bomu mapema, stori zilezile za kawaida zinampa dakika 15 za wasiwasi. Kwenye sitkomu bomu lako ni busu. Mwonyeshe ndani ya dakika mbili za kwanza, baada ya hapo hata mtu akisema "nipishe nikae hapo katikati yenu" watu wanacheka.

HATUA YA 2: Wawe na sababu ya kweli ya kuficha

"Wanaona aibu" haitoshi. Angalieni Friends, sitkomu ya Marekani ya kundi la marafiki sita, sizoni ya 5 episodi ya 14, ilirushwa Februari 11, 1999. Wapenzi wa siri ni Monica na Chandler, walianzia London mwishoni mwa sizoni ya 4 na tangu hapo wanazuga. Sasa Monica ni mdogo wake Ross, na Chandler ni rafiki wa Ross tangu chuo. Umeona mzigo huo? Hao hawafichi ili watuchekeshe, wanamficha mtu wanayempenda wote wawili, na ndo maana Ross anawekwa wa mwisho kabisa kujua.

HATUA YA 3: Chora jedwali la nani anajua nini

Hii ndo hatua kubwa, msiiruke. Chukua karatasi, majina ya wahusika pembeni, sini (vipande vya stori) juu, na kwenye kila kiboksi andika huyu anajua nini na anadhani wenzake wanajua nini. Kwenye hiyo ya Friends ukichora utaona uzuri wake. Kati ya marafiki wengine, Joey aliwabamba mapema akalazimishwa kufunga mdomo, Rachel akaja kugundua baadae, na Phoebe anawaona kwa dirisha kutoka nyumba ya upande wa pili. Mwandishi mvivu angemfanya Phoebe aende kuwauliza, stori imeisha. Badala yake Phoebe na Rachel wanaamua kuwachezea, Phoebe anaanza kumtega Chandler, Monica anashtukia kwamba hawa wanajua, na yeye na Chandler wanaamua kulipiza. Kambi mbili, kila kambi inasubiri mwenzake aseme kwanza! Katikati yuko Joey anayejua ya kila upande na kila upande unamnyamazisha. Kila ukiandika kundi kama hili muwekeni mtu wa namna hiyo, yule anayebeba siri za wote na hana pa kuzitua.

HATUA YA 4: Siri ishikike mkononi

Watu wasiambizane, waone. Nawapa sini niliyoiandika mwenyewe. Mlango unagongwa, jamaa anakurupuka chumbani anarukia sofa na kufungua kitabu. Rafiki anaingia kutafuta chaja yake, anaongea weee kuhusu bosi wake, jamaa anaitikia vizuri tu, sauti imetulia. Kamera inashuka miguuni, soksi moja ya kijivu, nyingine ya pinki yenye maua. Rafiki anaiona. Anaendelea na habari za bosi, ila anaanza kurudia sentensi ileile mara ya pili. Anachukua chaja anaondoka. Sini inayofuata dada anaingia sebuleni kwa wenzake, mguu mmoja pinki, mmoja kijivu, na yule rafiki anaacha kutafuna.

Hakuna neno la mapenzi limetajwa hapo na jedwali limesogea kiboksi kizima.

HATUA YA 5: Panda ngazi, usirudie

Kila sini mtu ajue zaidi ya alivyojua, au akosee zaidi. Una dakika kama 22 tu, ukiweka sini mbili za kujificha kabatini moja ni ya kutupa.

HATUA YA 6: Anayevunjika avunjike kwa ukweli

Mchezo ukifika mwisho usimalizie kwa mtu kuteleza ulimi. Kwenye ile episodi Phoebe na Chandler wanasukumana mpaka kwenye busu, Chandler anashindwa, anasema hawezi kwa sababu anampenda Monica. Monica anatoka bafuni alikokuwa amejificha na yeye anasema anampenda. Phoebe aliyekuwa anacheza muda wote anabaki ameduwaa, alidhani ni mchezo wa mwili kumbe ni moyo. Mimi mpaka leo nikifika hapo nasimama, kicheko cha dakika 20 kinageuka kitu kingine kabisa bila muziki wa kulazimisha.

Alafu ukiwa umemuacha mmoja hajui, mtumie kufungia. Ross anawaona kupitia dirisha la nyumba yake mpya.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, kundi langu lina watu watatu tu, wawili ndo wapenzi. Nafanyaje?
Jibu: Inawezekana ila kambi huna. Huyo wa tatu mfanye ajue mapema na ajifanye hajui, alafu apewe sababu ya kuendelea kujifanya, mfano wakificha wanamtendea wema kupita kawaida. Hapo wapenzi ndo wanakuwa wasiojua.

Swali: Naweza kuweka kapo mbili za siri kwenye episodi moja?
Jibu: Ndiyo, na ni tamu sana, kwa sharti moja: kapo zisijuane mpaka nusu ya episodi. Kila kapo inadhani macho ya wenzao yanawatazama wao. Wakikutana mlango mmoja kwa wakati mmoja, wote wanne wana sababu ya kunyamaza. Jedwali liwe kubwa tu.

Swali: Siri ikitoka si ndo utamu umeisha? Naogopa kufichua.
Jibu: Ukichelewa sana watu wanachoka. Monica na Chandler siri ilitoka 1999 na walifunga ndoa mwisho wa sizoni ya 7, 2001, na walizidi kupendwa. Kama wapenzi wako hawana la kuongea siri ikitoka, tatizo siyo siri, rudi hatua ya 2 uwajenge wenyewe.

Swali: Kwenye stori yangu rafiki wa tatu alikuwa anampenda huyo dada kimyakimya. Nikiandika sini ya yeye kugundua haichekeshi, inaumiza. Niitoe?
Jibu: Usiitoe hata kidogo. Acha agundue peke yake, soksi aione yeye tu, wengine wasimwone. Alafu sini inayofuata ndo awe wa kwanza kuwasaidia kuficha, adanganye kwa ajili yao mbele ya kundi zima, tena adanganye vizuri kuliko wote. Watu watacheka uongo wake huku wanajua unamgharimu nini. Ukimaliza kuiandika nitumie, nataka kuisoma.