Kupima jeni za streptokoki kooni mwa kima: kutoka swabu hadi jibu

Streptococcus pyogenes, streptokoki anayesababisha maumivu ya koo, akikuzwa chupani hafanyi kazi kama yule aliye kooni. Kooni anakutana na mate, chembe nyeupe za damu na bakteria wengine, na kadiri ugonjwa unavyosonga huwasha jeni hizi na kuzima zile. Utafiti wa mwaka 2005 uliofuatilia kima 20 aina ya Macaca fascicularis kwa siku 86 ulitenganisha awamu tatu: kujishikiza, uvimbe mkali, kisha kukaa bila dalili. Kima ambao bakteria wao waliwasha mapema jeni za supaantijeni (sumu za bakteria zinazoamsha kinga kupita kiasi) ndio walioshikwa na kuvimba zaidi. Kwa hiyo swabu (kijiti chenye pamba cha kufutia koo) ya siku moja haitoshi. Ratiba iguse awamu zote tatu, na iwepo swabu ya kabla ya maambukizi.

Panya ni rahisi kufuga, lakini supaantijeni za bakteria huyu haziamshi vizuri kinga ya panya wa kawaida. Ndiyo sababu kima hutumika, kwa idadi ndogo, baada ya kibali cha kamati ya maadili, na kila swabu huchukuliwa mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Swabu mbili kila mara

Ya kwanza ni ya kuhesabu bakteria. Izungushe kwenye mililita 1 ya maji ya chumvi yenye bafa, yapunguze mara kumi kumi, pandikiza kwenye agari (jeli ya kukuzia bakteria) yenye damu ya kondoo 5%, uache usiku kucha kwenye 37°C na CO2 5%. Hesabu makoloni yaliyozungukwa na duara angavu.

Ya pili ni ya RNA, nakala ambayo bakteria hutengeneza jeni inapowaka, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. mRNA (RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) ya bakteria huoza kwa dakika chache, na kabla haijaoza bakteria huanza kuitikia hewa, baridi na kimiminika kipya. Ukiitembeza swabu kwenye barafu hadi maabara, utapima jeni za safari, si za koo. Mbaya zaidi, namba zitaonekana safi kabisa. Chupa yenye kihifadhi cha RNA iwe imefunguliwa kando ya meza kabla swabu haijaingia kinywani. Kwa bakteria waliomo kwenye kimiminika, weka ujazo 2 wa kihifadhi kwa ujazo 1 wa sampuli. Kisha hifadhi kwenye -80°C.

Kutoa RNA

Ukuta wa streptokoki ni mgumu, na lisozimu, kimeng'enya cha kuvunja kuta za bakteria, peke yake haiuvunji ipasavyo. Tumia shanga za kioo za milimita 0.1 ndani ya fenoli yenye asidi, utikise kwa vipindi vya sekunde 45 hivi, na barafu katikati, kwa sababu joto la msuguano hukata RNA. Usitarajie mavuno makubwa: seli 100,000 hutoa nanogramu chache, sehemu kubwa ikiwa RNA ya ribosomu, tena imechanganyika na RNA nyingi ya mnyama.

Safisha DNA kwa DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, mara mbili. Profaji, virusi waliojificha ndani ya kromosomu wakiwa wamebeba jeni za supaantijeni, huamka zaidi bakteria wanapokuwa wengi na koo limevimba. Nakala za DNA zao huongezeka, na mabaki yakibaki utadhani jeni imewaka. Kila sampuli iwe na jozi isiyowekewa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Kwenye qPCR, kipimo kinachonakili DNA mzunguko kwa mzunguko na kukadiria wingi wake, jozi hiyo ichelewe kuonekana kwa mizunguko 7 au zaidi kuliko sampuli yenyewe.

qPCR na hesabu

Tengeneza cDNA, yaani DNA iliyonakiliwa kutoka kwa RNA, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) za nasibu au za jeni husika. Praima za oligo-dT, zinazoshika mkia wa herufi A wa mRNA, hazifai: zitavuna mRNA ya kima na kuacha ya bakteria. Ufanisi wa kila praima uwe 90–110%, na uzijaribu pia kwenye swabu ya kabla ya maambukizi, maana streptokoki wasio na madhara wanaoishi kinywani wana jeni zinazofanana.

Jeni za kulinganishia ziwe mbili au tatu, mfano proS, gyrA na tufA, jeni za kazi za kila siku za seli, baada ya kuthibitisha kwamba haziyumbi. Kipimo cha mwanzo kiwe bakteria wa chupani wa awamu inayojulikana ya ukuaji, kwani mga (jeni inayodhibiti jeni nyingine za ugonjwa) hupanda wakati wa kukua kwa kasi na speB (jeni ya SpeB, kimeng'enya kinachokata protini) hupanda ukuaji unapokoma. Ukilinganisha koo na chupa iliyolala usiku kucha, tofauti nyingi zitatokana na chupa hiyo.

Ukiona hasA (jeni ya kutengeneza ganda la nje la bakteria) imepanda sana na speB imeshuka, usitangaze udhibiti mpya. Huenda ni mabadiliko ya kudumu kwenye covS, jeni ambayo pamoja na covR hudhibiti jeni hizo. Chukua makoloni ya swabu ya kwanza, yapandikize kwenye agari ya maziwa: yasiyotoa SpeB hayaachi duara angavu. Yasome mfuatano wa covR na covS kabla ya kuandika matokeo.