Gari inakaa miezi bila kutembea? Jinsi ya kuikuta betri ikiwa hai

Wakuu habari za mihangaiko. Mwaka juzi nilipata kazi ya miezi minne Mwanza, gari nikaiacha nyumbani Kimara, IST yenye betri NS60 mpya kabisa haijamaliza hata nusu mwaka. Nikamkabidhi mdogo wangu funguo nikamwambia dogo kila jumamosi iwashe dakika tano uzime. Dogo kafanya kwa uaminifu wote mpaka siku moja ananipigia, bro gari inatoa tik tik tik tu haiwaki. Narudi Dar napima betri, volti 9 na ushee. Tukaibusti (kuiwasha kwa moto wa betri ya gari nyingine), tukaichaji usiku kucha, asubuhi inawaka, jioni imekufa tena. Nikanunua nyingine.

Nilimlaumu sana dogo kumbe kosa langu, na hesabu yake ni ndogo tu. Gari ikiwa imezimwa kuna vitu bado vinakula moto (umeme) wa betri, alamu, saa, memori ya redio, kompyuta ya gari, traka (kile kifaa cha kufuatilia gari ilipo) kama umefunga. Tuseme vyote pamoja ni miliampea 50, ambayo ni kawaida tu sio ugonjwa. Kwa siku ni kama ampea-saa 1.2 (ampea-saa ndo kipimo cha moto unaokaa kwenye betri), kwa wiki inakaribia 8 na nusu. Sasa dakika tano za gari kusimama inaunguruma, oltaneta (ile inayochaji betri injini ikizunguka) inarudisha labda 2 na hapo nimekuwa mkarimu. Kwahiyo kila jumamosi dogo alikuwa anarudisha robo ya kilicholiwa na betri yenyewe ni ya ampea-saa 45, piga hesabu mwenyewe inafika wiki ya ngapi. Alafu betri ya maji na asidi ikikaa imeshuka, zile plate ndani zinajijengea chumvi ngumu, ikishakomaa hiyo chumvi hata uchaji vipi haipokei kama zamani. Ndo kilichoiua ya kwangu.

Safari ya pili nilifanya hivi:

1. Ijaze kabla hujaondoka. Sio kuzunguka mtaani dakika kumi useme imejaa. Ichaji kwa chaja usiku mzima, alafu iache ipumzike masaa kadhaa ndo upime na mita (zile mita ndogo za mafundi redio zinatosha kabisa). Ukikuta volti 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 hiyo unaondoka nayo vibaya. Ukipima muda huohuo umetoa chaja utaona 13 na kitu utafurahi bure.

2. Safisha vichwa vya betri. Ule unga mweupe wa kijani kijani mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, piga brashi, kausha, paka grisi. Kama ni betri ya vifuniko angalia maji, na unaongeza maji ya betri yale yaliyochujwa TU, sio asidi wala maji ya kilimanjaro ya kunywa jamani. Kama plate zimezama ngoja uchaji kwanza ndo ujazie, maana ikichaji maji yanapanda yanamwagika.

3. Chomoa hasi. Hapa ndo penyewe. Spana namba 10, unalegeza waya wa hasi, ule mweusi, unautoa unaufunga kitambaa usirudi kugusa. Chanya usiiguse kabisa. Kwanini hasi ianze? Kwasababu ukianza na chanya spana ikaponyoka ikagusa bodi unapiga shoti ya hatari, mi nishaona spana imeliwa kipande kama imeng'atwa na panya. Kurudisha hasi inakuwa ya mwisho. Kabla hujachomoa shusha kioo kidogo au hakikisha unao ufunguo wa chuma unaofungua mlango, remoti haitafanya kazi.

4. Ichajiwe tena kila baada ya mwezi au miwili. Hata ikiwa imechomolewa yenyewe inashuka taratibu, na joto la Dar linaiharakisha. Mwachie mtu chaja na maelekezo. Kama una soketi karibu na pesa ipo, nunua chaja ya kisasa inayojipunguza yenyewe ikijaa, hiyo unaiacha imechomekwa, na nyingi hata Tanesco wakikata wakirudisha zinaendelea. Zile chaja nzito za zamani usiziache siku tatu, zitachemsha maji yote. Na sehemu iwe na hewa, betri ikichaji inatoa gesi inayolipuka, sigara kaa nayo mbali.

Niliondoka ikiwa 12.7, miezi mitatu baadae nikakuta 12.5, nikafunga waya, ikawaka mara moja. Nilichopoteza ni stesheni za redio tu.

MASWALI YA WADAU

Nasikia betri haiwekwi chini kwenye simenti, sakafu inanyonya moto. Kweli?
Hiyo ni ya enzi za babu, makasha ya betri yalikuwa yanapitisha unyevu. Haya ya plastiki weka popote, ila pawe pakavu na watoto wasifike.

Mkuu nikichomoa hasi na traka si inakufa? Nikiibiwa je?
Traka nyingi zina kabetri kao kadogo lakini hakadumu, kwahiyo ndio itakufa. Ukiitaka iendelee kuishi basi usichomoe, tafuta panel ndogo ya sola wati 10 hadi 20 na kontrola yake, ama chaja ya kujipunguza. Vyote viwili huvipati bure.

Mimi nipo Muscat, kiangazi narudi Unguja miezi miwili, gari naiacha parking ya chini hakuna soketi.
Chini kwenye kivuli ndo pazuri zaidi ndugu yangu, usiiache juani. Kila joto likipanda digrii 10 hivi betri inajishusha karibu mara mbili. Ijaze, chomoa hasi, miezi miwili inavumilia ikiwa bado nzima.

Vipi Prius, ile haibridi ya Toyota?
Kwa nyingi ile betri ndogo ya volti 12 ipo nyuma kwenye buti, na buti linafunguka kwa umeme, so ukichomoa ukafunga umejifungia. Ufunguo wa chuma uwe mkononi. Kwa hizo kuna sehemu ya kubustia kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Na ukiiwasha ili ichaji hakikisha imeandika READY, ukiacha kwenye ACC (redio inapiga ila gari haijawaka) ndo unaimaliza.

Fundi wa mtaani kwetu anachaji saa moja tu anakwambia tayari.
Anaipiga moto mkali, inachemka juu ndani haijajaa. Betri ya 45 ipewe ampea 4 au 5, masaa mengi.

Nimepima sasa hivi, 12.1, gari ina wiki tatu haijatoka.
Dada ichaji leo, usingoje jumamosi. Ikijaa iache usiku bila kufunga waya wowote, asubuhi pima. Ikiwa imeshuka chini ya 12.4 yenyewe tu, anza kutenga hela ya nyingine.