Kutafsiri wasifu kutoka Kifaransa hadi Kiswahili: mwongozo wa hatua kwa hatua

Hapa Lubumbashi watu wengi huishi maisha yao kwa Kiswahili, lakini maisha hayo yakija kuandikwa, huandikwa kwa Kifaransa. Mwalimu mstaafu, fundi wa zamani wa Union Minière (kampuni ya migodi ya shaba wakati wa Wabelgiji), mama aliyeongoza kwaya ya parokia, mwanasiasa aliyepita bungeni: wote walizungumza na watu wao kwa Kiswahili, ila kitabu kinachosimulia habari zao hutoka kwa Kifaransa, na baadaye watoto na wajukuu hukitaka kwa lugha ya nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya, na mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuifanya kwa uangalifu.

Kuna jambo moja linalobeba mengine yote. Wasifu si hadithi, na wala si orodha ya matukio. Ni maelezo kuhusu mtu aliyeishi kweli, yaliyotolewa na mtu mwingine ambaye mambo fulani anayajua kwa hakika, mengine ameyasikia, na mengine ameyakisia. Mfasiri akihamisha matukio bila kuhamisha kiasi cha uhakika alichokuwa nacho mwandishi, amekwisha kubadilisha maisha ya mhusika, hata kama kila neno lake linapatikana katika kamusi.

Hatua ya 1: Jua maandishi uliyopewa ni ya aina gani

Kabla ya kutafsiri sentensi ya kwanza, jiulize ni nani aliyeandika, aliandika lini, na aliwaandikia nani. Wasifu unaosomwa kwenye kilio huandikwa ili kumtukuza marehemu na kuwafariji waliobaki. Ule ulioandikwa na wamisionari hutafuta mfano wa imani. Ule wa mwanasiasa mara nyingi huandikwa na rafiki au na adui. Na ule wa mtafiti wa chuo kikuu hueleza chanzo cha kila jambo. Sauti hizo hazifanani, na usizifanye zifanane.

Mfano ulio karibu nasi ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Yeye na wenzake wa siasa, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliletwa Élisabethville, yaani mji wetu huu, tarehe 17 Januari 1961, wakauawa usiku ule ule. Hata hivyo, tarehe 13 Februari 1961 mamlaka za Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, zilitangaza kwamba walitoroka kizuizini na kuuawa na wanakijiji. Ukipewa maandishi ya mwaka ule yanayorudia tangazo hilo, usiyarekebishe kimyakimya ndani ya tafsiri. Yatafsiri kama yalivyo, kisha weka maelezo chini ya ukurasa, yenye saini ya mfasiri, yanayosema ukweli uliojulikana baadaye. Msomaji ana haki ya kujua uongo ulisemwaje, na ana haki pia ya kujua kwamba ulikuwa uongo.

Katika hatua hii hii omba ruhusa ya maandishi. Sheria yetu ya haki za waandishi ya tarehe 5 Aprili 1986 inahesabu tafsiri kuwa jambo linalohitaji idhini ya mwenye kazi.

Hatua ya 2: Fungua daftari la majina, mahali na tarehe

Soma kitabu chote mara moja bila kutafsiri, huku ukiandika kila jina la mtu, kila mahali na kila tarehe. Kwa wasifu wa Mkongo daftari hili ni la lazima, kwa sababu nchi imebadilisha majina yake ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mtu aliyezaliwa Jadotville, akasoma Élisabethville na kufanya kazi Léopoldville anaweza kuwa hajahama tena tangu hapo, na bado karatasi zake za baadaye zikasema Likasi, Lubumbashi na Kinshasa. Katanga iliitwa Shaba tangu miaka ya mwanzo ya 1970 hadi 1997, na mwaka 2015 ikagawanywa kuwa majimbo manne. Mimi hufuata jina la wakati wa tukio, kisha mara ya kwanza tu naongeza jina la sasa: "Jadotville, ambayo leo ni Likasi". Kuandika "alizaliwa Likasi mwaka 1935" bila maelezo ni kumzalisha mtu katika mji ambao nyaraka zake haziutaji.

Majina ya watu yanahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1972, katika siasa ya authenticité, yaani kurudi kwenye asili ya Kiafrika, serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni, na rais mwenyewe akaacha jina la Joseph-Désiré. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuonekana katika sura ya pili kwa jina la Kikristo na jina la ukoo, katika sura ya sita kwa majina mawili ya kiasili, na katika sura ya mwisho kwa majina yote matatu. Hakikisha kwanza kwamba ni mtu yule yule. Mwandishi akibadilisha jina kufuatana na nyakati, mfuate, lakini mkumbushe msomaji pale mabadiliko yanapotokea.

Hatua ya 3: Pima uhakika wa kila sentensi

Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoharibika, na hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu kuliko penginepo. Kifaransa kina namna ya kitenzi inayotumiwa kusema jambo ambalo mwandishi hajalithibitisha. "Il serait né à Kasenga" haimaanishi "angezaliwa Kasenga". Maana yake ni kwamba inasemekana alizaliwa Kasenga, na mwandishi anakataa kubeba dhamana. Vivyo hivyo "il aurait refusé l'argent" ni "inadaiwa kwamba alikataa fedha hizo". Mfasiri mwenye haraka huandika "alikataa fedha hizo", na kwa herufi chache anamgeuza mtuhumiwa kuwa shujaa. Akiandika "angekataa", anamwacha msomaji akingoja sharti ambalo halipo.

Chukua kalamu ya rangi, upige mstari chini ya kila neno la shaka katika maandishi ya asili: *peut-être*, *semble-t-il*, *selon sa veuve*, *vers*, *sans doute*. Hilo la mwisho lina mtego, kwani kwa matumizi ya kawaida *sans doute* ni "huenda" au "yaelekea", wala si "hakika". Ukimaliza rasimu, hesabu kama kila mstari wa rangi una mwenzake upande wa Kiswahili.

Tarehe za kuzaliwa zina taabu yake. Karatasi za wazee wetu zimejaa "né vers 1920", kwa sababu karani alikadiria umri kwa macho. Kamusi zitakuambia uandike "mnamo 1920", lakini wasomaji wengi wa leo wanalichukua neno hilo kuwa mwaka kamili. Andika "karibu na mwaka 1920" au "yapata mwaka 1920", na usikubali mhariri akufutie neno hilo kwa kutaka sentensi fupi.

Kumbuka pia kwamba ukimya ni sehemu ya wasifu. Mwandishi akiruka kutoka 1960 hadi 1963, miaka ya kujitenga kwa Katanga, asiseme mhusika alikuwa wapi, usiongeze kiunganishi kinacholainisha pengo, kama vile "baada ya miaka mitatu ya kazi". Acha pengo lionekane.

Hatua ya 4: Panga nyakati za vitenzi upya

Wasifu wa Kifaransa hupenda kusimulia mambo ya kale kwa wakati uliopo, na mambo yaliyofuata kwa wakati ujao. Tuchukue mfano wa kubuni: "Il naît à Kipushi en 1931. Il entre à l'Union Minière en 1949. Il y rencontrera celle qui deviendra sa femme." Ukiandika "Anazaliwa Kipushi", kisha "atakutana na yule atakayekuwa mke wake", msomaji wa Kiswahili atadhani unamtabiria mtoto. Andika: "Alizaliwa Kipushi mwaka 1931. Mwaka 1949 aliingia Union Minière, na huko ndiko alikokutana na mwanamke aliyekuja kuwa mke wake." Anza na -li-, endeleza mfululizo wa matukio kwa -ka-, na kila mwaka mpya au mahali papya urudi kwenye -li-, ili msomaji apumzike na kujua yuko wapi.

Kwa kuwa kiambishi chetu cha nafsi ya tatu hakitofautishi mwanamume na mwanamke, rudisha majina pale ambapo Kifaransa kilitosheka na *il* na *elle*. "Alimwambia kwamba amemsamehe" ni sentensi ambayo familia inaweza kugombania.

Hatua ya 5: Chunguza undugu kabla ya kuuandika

Kifaransa huridhika na *oncle*. Kiswahili kinataka kujua ni mjomba, baba mkubwa au baba mdogo. Usichague kwa kubahatisha. Katika familia ya Wabemba, ambao hufuata ukoo wa mama, mjomba ana mamlaka juu ya mtoto, na kusema kwamba mjomba alimlipia karo ni kusema alitimiza wajibu wake. Katika familia ya Waluba wa Katanga, ambao hufuata ukoo wa baba, sentensi ile ile inaeleza ukarimu wa aina nyingine. Muulize mwandishi, au waulize wazee wa familia. Jibu lisipopatikana, andika "ndugu mmoja wa wazazi wake".

Hatua ya 6: Maneno yaliyotoka kinywani

Kitabu cha Kifaransa kinamnukuu mama wa mhusika, akimuaga mwanawe anayekwenda seminari: "Mon fils, va, mais reviens nous enterrer." Mama huyo hakujua Kifaransa. Alisema kwa Kiswahili cha hapa, au Kibemba, au Kisanga, na mwandishi ndiye aliyetafsiri. Ukiyarudisha kwa Kiswahili ndani ya alama za kunukuu, umemtungia mama maneno, na wajukuu watayakariri kama wosia. Tafuta kwanza kama yuko anayeyakumbuka maneno yenyewe. Wakiyakumbuka kwa Kiswahili cha Lubumbashi, yaandike hivyo hivyo, bila kuyasanifisha. Wasipoyakumbuka, ondoa alama za kunukuu, usimulie: mama alimwambia aende, ila asikose kurudi kuwazika.

Hatua ya 7: Vyeo na fedha

Maneno kama *évolué* (Mkongo ambaye wakoloni walimhesabu kuwa amefuata ustaarabu wa Kizungu) na *carte du mérite civique*, kadi ya sifa njema ya uraia iliyoanzishwa mwaka 1948, yaache kwa Kifaransa na uyaeleze mara moja. Fedha usizibadilishe kuwa za leo: faranga ziliondoka mwaka 1967 kupisha zaire, zaire 1 ikawa faranga 1,000, mwaka 1993 ikaja zaire mpya, na 1998 faranga zikarudi. Taja fedha ya wakati ule tu.

Hatua ya 8: Soma kwa sauti mbele ya waliomjua

Rasimu ikikamilika, waombe watu wawili wa rika la mhusika wakusikilize, usiwape karatasi mkononi. Mzee akisikia tarehe isiyo sawa au undugu uliopinda, atakukatiza hapo hapo.

Katika kikao hicho huenda familia ikakuomba uondoe mke wa pili, deni, au kifungo. Sikiliza kwa heshima, andika ombi lao, ulipeleke kwa mwandishi au mchapishaji, kwa sababu uamuzi huo si wako. Mwandishi akikubali kufuta, taja katika utangulizi kwamba tafsiri inafuata maandishi yaliyorekebishwa, pamoja na mwaka wa marekebisho. Akikataa, habari hiyo inabaki katika Kiswahili kwa urefu ule ule na ukali ule ule iliokuwa nao katika Kifaransa.